Muvure ya Mama Pétronille na maneno makumi saba na mbili

Koko Hubert, baba ya mama yangu, iko na miaka makumi munane na mbili, na haamukake kwa kiti bila kusema Kifaransa. Anashika kiti huku na huku, anaangalia mbele kama vile kuko muntu wa kumupa points, anasema: «Flexion.» Magoti inalia. Kisha: «Extension.» Njo anasimama. Siye bajukuu tulifikiriaka ni sala. Dada yangu alimufilma siku moja, akaweka video kwa group ya famille, bantu makumi tatu bakaweka ile sura ya kucheka mpaka machozi. Koko akauliza: «Banacheka nini? Ile extension ilikuwa muzuri.»

Ilikuwa muzuri, tusimubishie. Alijifunza hiyo neno mu 1968, kule Bihambwe, mu Masisi, Congo, mu kiwanja ya mama mukwe wake, nyuma ya mukeka. Ninajua, inaonekana kama uongo. Mimi pia nilisema ni uongo, mpaka Koko muke, Vestine, akatoa barua mbili mu sanduku yake. Barua tutaifikia.

Mu ile mwaka Hubert alikuwa na miaka makumi mbili na tano. Vita ya Mulele, ile ya waasi, ilikuwa imekwisha, masomo ilifunguka, chaki ilianza kupatikana tena. Alikuwa mwalimu wa mwaka ya tatu kwa misioni, muke wake ni Vestine, na mutoto wao Marie, ule njo mama yangu, alikuwa bado ku mugongo. Siku moja barua ikafika toka kwa office ya masomo. Ilisema kuko nafasi ya kwenda Bulaya, kwa Babelgi, miezi kenda, kujifunza kufundisha gymnastique, mazoezi ya mwili. Mwenye atarudi na hati atafundisha kwa masomo ya secondaire. Nafasi ni moja. Bantu ni mbili: Hubert wa Bihambwe, na mwalimu mwingine wa kule Walikale, Albert wa Mpofi.

Ndani ya enveloppe kulikuwa karatasi ine, maneno ya Kifaransa makumi saba na mbili, na picha ndogo ndogo zenye wino ilikuwa imekula nusu. Nyuma ya wiki munane, inspecteur atakuya kuuliza. Mwenye hayajui atabaki na chaki yake.

Mwili haukuwa shida. Siku ya uhuru, mu 1960, Hubert alitembea kwa mikono toka kanisa mpaka kwa chemchemi, bantu bote banapiga makofi. Wakati hiyo hakuwa na mama mukwe. Ushike hiyo, tutarudi.

Shida ilikuwa maneno. Kifaransa yake ilikuwa ile ya darasa. «La vache mange l'herbe» angeisema hata mu usingizi, na ng'ombe Masisi iko, majani iko. Lakini cheval d'arçons? Farasi hakuionaka hata moja, na hii ya karatasi ilikuwa haina kichwa, haina mukia, iko na mikono mbili ku mugongo. Wiki ya kwanza alikaa ku meza na karatasi, Vestine anamuuliza.

«Tremplin?»

«Tremplin ni... kitambaa.»

«Ni ubao ya kurukia, Papa Marie. Jana ulisema ni kamba.»

«Jana nilikuwa karibu.»

Vestine alisoma mpaka mwaka ya tano, alijua kusoma muzuri, na alijua bwana wake muzuri zaidi. Akafunga karatasi. «Wewe siyo kichwa njo inakumbukaka. Ni miguu. Fanya kitu, kisha sema jina yake.»

Akatoka nje kujaribu. Sasa, kama haujafika Bihambwe, sikia: ni milima inashikana mabega. Ukiweka chungu chini, tafuta na jiwe ya kuizuia. Hubert akapiga roulade avant, ile ya kubiringika mbele, moja tu, pembeni ya nyumba. Moja ikawa tatu, tatu ikawa sita, akasimamia mu shamba ya jirani, Papa Faustin, ambaye alikuwa pale na jembe yake.

«Mwalimu, unatafuta nini humu?»

«Roulade avant, Papa.»

«Haiko huku,» Papa Faustin akasema. «Huku kuko maharagi tu. Na ulikuwa unalala juu yake.»

Fasi yenye ilikuwa sawa, bila muteremuko, mu Bihambwe yote ilikuwa moja. Hata kiwanja ya mpira ya masomo ilikuwa inateremuka, timu ya juu njo ilishindaka. Hiyo fasi moja ilikuwa kiwanja ya kupigia maharagi, udongo imepakwa mavi ya ng'ombe mpaka inaangaza kama meza. Na mwenyewe wa kiwanja alikuwa Mama Pétronille, mama ya Vestine, mama mukwe wa Hubert.

Hapa batoto ya leo munaniulizaka: «Na iko shida gani? Aende tu, aombe.» Aende aombe! Kule kwetu, wakati ile, muntu na mama mukwe wake habaongeake uso kwa uso. Wakikutana ku njia, mwanaume anaingia mu majani, anageuza mugongo. Mama anafunika uso na kikwembe, kitambaa yake ya kujifunga, anapita. Hakuna kula mbele yake, hakuna kutaja jina yake. Na mama mukwe akiona mapaja yako, hiyo si kitu ya kucheka: famille mbili zinakaa, mbuzi inakufa, na haya inabaki. Miaka mbili ya ndoa, Hubert alimujua Mama Pétronille kwa sauti na kwa visigino. Uso angeweza kupishana nayo ku soko bila kuijua.

Na sasa alitaka kwenda kusimama kwa mikono mu lupango yake, ndani ya uzio yake, magulu juu.

Vestine njo alienda kuuliza. Mama yake alikuwa anachambua mbegu, moja moja, mu lungo, ile sinia ya miti ya kupepetea.

«Mama, mukwe wako anaomba kiwanja.»

«Iko na maharagi ya kupiga?»

«Hapana. Anataka kusimama kwa mikono.»

Mama Pétronille akachambua mbegu mbili, tatu. «Iko mugonjwa?»

«Ni kwa kwenda Bulaya, Mama.»

«Bulaya banaingiaka kwa mikono?»

Vestine akaeleza yote: maneno, inspecteur, nafasi moja. «Na kama hayajui, bataenda na Albert. Wa Mpofi.»

Bulaya haikumugusa kitu Mama Pétronille. Mpofi njo ilimugusa. Akaweka lungo chini. «Mukwe wangu ashindwe na muntu ya pori? Hapana. Mutatundika kirago katikati ya kiwanja. Mimi niko huku, yeye kule. Na avae suruali ndefu.»

Kirago ni mukeka ya mafunjo, ile ya kulalia. Baliunga tatu, bakaitundika ku miti mbili, ikakata kiwanja sawa na ukuta. Hubert aliingilia kwa nyuma, mu majani, kama mwizi wa kuku. Siku ya kwanza alifanya appui tendu renversé, njo hii ya kusimama kwa mikono, magulu inaangalia mbingu. Suruali ya wakati ile ilikuwa kubwa kama kengele ya kanisa. Ikateremuka mpaka juu ya magoti, akaona mapaja yake mwenyewe mbele ya macho. Akaanguka mbio mbio, akavuta suruali, akasikiliza. Ng'ambo ya kirago kimya. Akashukuru Mungu na mafunjo. Toka siku ya pili alifungaka suruali chini na kamba ya ngozi ya mugomba.

Na cheval d'arçons aliipata pale pale. Pembeni ya kiwanja kulikuwa muvure, ile bwato ya mbao ya kukamulia ndizi za kasiksi, pombe yetu, inalala tumbo chini. Ilikuwa na mushikio mbele na mushikio nyuma. Hubert akaangalia karatasi, akaangalia muvure. Farasi bila kichwa, bila mukia. Akapanda.

Njo mara ya kwanza Mama Pétronille aliongea. Si na yeye. Na maharagi.

«Nyinyi maharagi,» akasema ng'ambo, sauti ya kutulia kabisa, «ninasikia kuko muntu juu ya muvure yangu. Mumwambie, ikipasuka, pombe ya ubatizo atakamulia mu kofia yake.»

Hubert akashuka. Kuitika haiwezekani, kunyamaza pia ni zarau. Akafikiri kidogo, akainama kwa muvure. «Muvure, umwambie Mama nitakupanda pole pole.»

«Maharagi, mumwambie si pole pole njo ninataka. Ninataka avue viatu.»

Akavua viatu. Na toka hiyo siku banaongeaka hivyo, mama na maharagi, mukwe na muvure. Vestine anasema kuko bantu ya ndoa banaongeaka kidogo kuliko bale.

Kila siku kisha masomo, ile saa ya jua kupungua, alikuya. Alisema neno kwa nguvu, alifanya, alisema tena. «Flexion!» magoti chini. «Extension!» juu. «Le pont!» mugongo inakunjama, mikono na miguu chini, tumbo juu, Marie anapita chini yake kwa magoti. «La roue!» anazunguka kama gurudumu ya velo. Mwezi ya sita ikaingia na maharagi ikakomaa, na maharagi haingojeake Bulaya. Mama Pétronille na bajirani yake mbili bakaanza kupiga, fimbo tatu, pa, pa, pa, huku kwao. Fimbo ikajifunga na maneno. Hubert akisema «flexion», pa. «Extension», pa. Wiki moja ikapita, bale bamama njo balikuwa banasema mbele, na yeye anafuata. Bamama tatu, hakuna hata mumoja aliingiaka mu darasa, banapiga maharagi kwa Kifaransa ya gymnastique! Leo hiyo video ingezunguka mpaka Kinshasa.

«Maharagi,» Mama Pétronille anaita, «mumwambie alisahau tremplin. Iko nyuma ya tapis, ile mukeka ya kuangukia.»

«Muvure, umwambie aksanti.»

«Mumwambie tena aangalie, iko karibu kuanguka.»

Na pu, anaanguka kweli. Alifikiri mama anasikia pumzi yake.

Ilibaki siku kenda. Hubert alikuwa na furaha, maneno yote makumi saba na mbili ilikuwa ndani, toka juu mpaka chini. Mangaribi moja, banakula, Vestine akamuuliza tu, bila karatasi:

«Barre fixe ni nini?»

Hubert akafunga macho. Midomo inatembea. Mguu chini ya meza inapiga, pa, pa, pa.

«Papa Marie?»

«Ngoja.»

«Unafanya nini?»

«Ninakuya. Niko kwa karatasi ya pili.»

Vestine akaacha kula. «Inspecteur atakuuliza la roue, kisha tapis, kisha fente. Atakungojea utoke juu kila mara? Atakufa na njaa.»

Njo bakaelewa. Alijifunza maneno kama vile bamama banapigaka maharagi: fimbo hii inaita ile. Ukitoa fimbo moja, yote inanyamaza. Hubert akajaribu kuruka, kuanza katikati, kutoka chini kwenda juu. Hakuna kitu. Siku mbili hakulala muzuri. Alisema kwa Vestine, aende tu Albert, Albert anasema Kifaransa kama Mupadri.

Siku ya tatu alikuya ku kiwanja bila nguvu. Fimbo ilikuwa kimya. Alikaa juu ya muvure. Kitu kidogo kikaruka juu ya kirago, kikamupiga ku kichwa. Haragi, nyeupe.

«Maharagi,» sauti ikasema, «mumwambie nyeupe ni mambo ya chini. Atoe moja.»

Masisi hatupandake maharagi aina moja. Tunachanganya, kumi, kumi na mbili, mu shimo moja, mwezi yenye mvua inaua hii, ile inabaki. Kisha mavuno bamama banachambua, kila moja na jina yake, na mukono ya Mama Pétronille ilichambuaka bila macho, anaongea na wewe na vidole vinaendelea. Vestine alimuelezea ile shida, naye aliketi siku mbili, akachambua na maneno ya Kifaransa vile vile, bila kuuliza muntu. Nyeupe: mambo ya kufanya chini. Nyekundu: vyombo, kama barre fixe, ile chuma ya kuning'inia, na anneaux, zile pete mbili. Nyeusi: amri ya mwalimu, kama garde-à-vous, simama wima. Zenye madoadoa: kuruka.

«Roulade avant,» Hubert akasema, akabiringika.

Nyekundu ikaruka. «Anneaux!» Nyeusi. «Garde-à-vous!» Nyeupe tena. «Roul...»

«Mumwambie hiyo tulishaikula.»

«Le pont!»

Mangaribi hiyo alipigwa na maharagi karibu kilo. Siku sita alipigwa hivyo, na Vestine alikuwa anaokota, maana ni chakula. Ile kamba ya maneno ikakatika. Maneno ikaanza kukuya moja moja, bila kuitana.

Inspecteur akafika siku ya tano ya wiki, asubuyi, mu Land Rover yenye matope mpaka ku dirisha. Jina yake Damien, muntu wa kule Kasaï, munene, wa kutulia. Alileta na Albert, mwenye alitembea siku mbili toka Mpofi mpaka kwa barabara. Hubert alitaka amuchukie, lakini Albert akamushika mukono: «Kaka Hubert, banasema wewe unatembeaka kwa mikono. Mimi hata kwa miguu ninaangukaka.»

Mu darasa bakauliza maneno. Albert: makumi saba na mbili, bila kosa, na «s'il vous plaît» juu yake. Hubert mukono mu mufuko, maharagi ndani, inspecteur akiuliza chombo, vidole vinatafuta. Makumi sita na tano. Saba zilipotea.

«Sasa mu kitendo,» inspecteur akasema. «Nitaita, mutafanya. Fasi iko wapi?»

Mwalimu mukubwa akaangalia kiwanja ya mpira, akaona haya. «Fasi ya sawa... iko kwa Mama Pétronille.»

Hubert aliomba udongo imumeze. Bakaenda bote, na batoto ya masomo nyuma. Inspecteur akatoa mu gari kaputula mbili, nyeupe, fupi, za gymnastique. Albert akavaa, akaanza, anaeleza kila kitu kwa Kifaransa kama vile iko radio: «Je vais exécuter la roulade avant.» Akaexécuter, akatokea upande. Ku muvure goti yake ikapiga mbao. Alikaa chini, anaishika. «Kaka,» akamwambia Hubert, «farasi yako inanuka kasiksi.»

Ikafika zamu ya Hubert. Kaputula ilikuwa inaishia fasi yenye suruali ya adabu haijaanza hata kufikiri. Inspecteur akaangalia kirago. «Hii mukeka ni ya nini? Inakula nusu ya fasi. Itoke.»

Nyuma ya kirago Mama Pétronille alikuwa anakaa ku rundo ya maharagi. Njia ya kutoka ilipita mbele ya bantu bote. Hubert alijua, Vestine alijua, bamama bote ya Bihambwe balijua. Hubert akaweka mikono nyuma.

«Siwezi, Monsieur l'inspecteur.»

«Unaogopa?»

«Hapana.»

«Basi nini?»

Hubert akatafuta Kifaransa. Mu maneno makumi saba na mbili hakukuwa hata moja ya mama mukwe. Inspecteur akatoa bic, akafungua kitabu yake. Ilibaki tu aandike. Hubert akaangalia ile bic, akaangalia kirago, na akabaki vile alikuwa, mikono nyuma.

Koko anasemaka mpaka leo: Albert angefunga kinywa tu, angeenda Bulaya. Goti inauma, nafasi iko mbele yake, na kule Walikale desturi ni ile ile, alielewa mbele ya bote. Akasimama na goti yake, akaeleza, Kifaransa ya kunyooka, njia, majani, kikwembe, mbuzi, yote.

Inspecteur akafunga bic. Akavua kofia. «Mimi,» akasema kwa Kiswahili, «mama mukwe yangu akipita, ninaingiaka mu mutaro. Na mwili hii.» Bantu bakacheka. «Lakini rapport inasema nione. Nisipoona, siandike.»

Alafu ng'ambo:

«Nyinyi maharagi, mumwambie Bwana mukubwa atoe kirago yake. Mimi niko na lungo.»

Bakatoa kirago. Mama Pétronille alikuwa pale, wima juu ya maharagi, lungo mbele ya uso, anaishika na mukono moja, sawa na muntu anajikinga jua. Hakuna hata jicho ilionekana. Hubert akavuta kaputula chini, haikushuka, akaanza.

Inspecteur aliita bila mupango, kama vile Vestine alisema. «La roue! Flexion! Le pont! Garde-à-vous!» Hubert alisema na alifanya, alisema na alifanya, jasho inaingia mu macho. Juu ya muvure alisimama kwa mikono, mikono ku mushikio mbili, batoto bakapiga kelele. Alafu inspecteur akaita: «Fente!»

Neno ilikuwa imeondoka. Chombo? Amri? Alisimama pale na kaputula yake. Haragi moja ikaanguka mbele ya mguu wake. Nyeupe. Ya chini. Mguu wa kuume ukaenda mbele peke yake, goti ikakunjama, wa kushoto ukanyooka nyuma.

«Hiyo ni nini?» inspecteur akauliza, anaonyesha haragi.

«Ni mavuno, Monsieur,» Vestine akasema. «Zinarukaka.»

Inspecteur akaangalia lungo wakati murefu. Kisha akaandika. Alisema maneno saba muntu anaweza kuyapata Bulaya, lakini mwili ya kumupa Albert haingepatikana hata kule. Albert njo alicheka wa kwanza. Alirudi Mpofi na kikapo ya maharagi ya Mama Pétronille, na balibaki kuandikiana na Koko mpaka uzee.

Hubert aliondoka mwezi ya kenda, camion mpaka Goma, kisha ndege. Bulaya aliona ile cheval d'arçons ya kweli, ngozi, safi, inamufika ku kifua. Barua ya kwanza njo Vestine iko nayo mu sanduku. Ku enveloppe imeandikwa: *Kwa Muvure, kwa mama ya Vestine, Bihambwe, Masisi.* Mwenye kugawa barua kwa misioni alizunguka siku mbili anauliza muvure ni mutoto ya nani. Ndani: «Muvure, salamu. Umwambie Mama nilifika. Umwambie farasi ya huku iko murefu kuliko wewe na hainuke kitu. Hapa banaitaka maneno bila kufuata karatasi, na mimi ninajibu. Umwambie aksanti ya maharagi.»

Mama Pétronille alimusomesha Vestine hiyo barua mara tatu. Kisha akasema, andika. Hiyo ya pili Koko aliirudisha mwenyewe toka Bulaya, ndani ya shati:

«Kwa Cheval d'arçons, Bulaya. Salamu. Umwambie mukwe wangu Marie iko na meno sita, maharagi iko muzuri, muvure haikupasuka. Umwambie na hii. Akisimama kwa mikono, goti ya kushoto inakunjama. Inakunjamaka toka siku ya kwanza. Ainyooshe.»

Koko anasema aliisoma amesimama, mu salle ya gymnastique. Akaisoma tena. Toka siku ya kwanza. Siku ya kwanza kirago ilikuwa pale. Siku ya kwanza kamba ya mugomba ilikuwa bado. Akakunja barua, masikio inawaka moto peke yake kati ya Babelgi, akaweka mikono chini, akapandisha magulu, akanyoosha goti ya kushoto. Mwalimu wa kule akapita, akasema: «Ah. Enfin.» Njo kusema: mwishowe.

Alirudi mwezi ya sita mwaka yenye ilifuata. Siku ya pili alikutana na Mama Pétronille ku njia ya maji. Akaingia mu majani, akageuza mugongo. Mama akafunika uso na kikwembe. Alipofika nyuma yake akapunguza mwendo.

«Wewe kikapo,» akasema, «uulize ile goti iko namna gani.»

Hubert akaangalia majani. «Majani, mumwambie Mama, ilinyooka.»

«Nitaona,» Mama Pétronille akasema, akaendelea na njia yake.